Hesabu saa zako kwa wiki tatu kabla ya kuzungumza na mwajiri

Nimefundisha Kiswahili katika shule za binafsi za bweni nchini Uganda kwa miaka 11, na kwa muda mrefu kila nilipoulizwa nafanya kazi saa ngapi kwa wiki, nilijibu kwa kuisoma ratiba iliyobandikwa ukutani: vipindi 24 vya dakika 40, yaani saa 16. Ratiba ile haikuonyesha prepu (muda wa wanafunzi kujisomea wakisimamiwa na mwalimu) ya alfajiri inayoanza saa 11, wala ya usiku inayokwisha saa 4, wala Jumamosi za watahiniwa wa S4 (kidato cha nne), wala wiki ya zamu ambayo mwalimu huamka na kengele na kulala baada ya taa za bweni kuzimwa. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, kuna pia tathmini za mara kwa mara ambazo lazima ziandikwe kwa kila mwanafunzi, na darasa langu moja lina wanafunzi 70.

Siku moja mzazi alikuja akiwa na karatasi ya mtihani ya binti yake. Alama zilikuwa 83, na kwenye ripoti nilikuwa nimeandika 38. Nilisahihisha karatasi zile baada ya prepu, hadi saa 7 usiku, na binti yule alikuwa ameshachapwa nyumbani kwa kosa langu. Nilimwomba radhi yeye mwenyewe mbele ya mama yake, kisha jioni hiyo nikanunua daftari dogo la mfukoni na kuanza kuandika saa ya kuingia kazini na saa ya kutoka, pamoja na usahihishaji wa nyumbani.

Wiki ya kwanza nilipata saa 58, ya pili 61, ya tatu 64. Wastani ni saa 61.

Nilichagua wiki tatu kwa sababu wiki moja hudanganya: wiki ya mitihani huonekana kubwa mno, na ya kufungua shule huonekana ndogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 nayo inatumia kipimo hicho kwa wafanyakazi wa zamu. Kwa kawaida kikomo ni saa 48 kwa wiki; anayefanya kazi kwa zamu anaweza kuzidisha, mradi wastani wa wiki tatu usipite saa 10 kwa siku au 56 kwa wiki. Muda wa ziada hulipwa angalau mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida, na mara mbili katika sikukuu za kitaifa. Tena, haifai mtu afanye kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku ya kupumzika.

Mdogo wangu ni muuguzi katika kliniki ya binafsi, na hali yake ilikuwa nzito kuliko yangu. Zamu ni ya saa 12, naye alikuwa akiingia mara sita kwa wiki, yaani saa 72, na pengine hubaki zaidi kwa sababu wa kumpokea hajafika na wagonjwa hawawezi kuachwa peke yao. Usiku mmoja alikwisha kuivuta dawa kwenye sindano ndipo mwenzake akamshika mkono: mtoto yule alikuwa ameshadungwa nusu saa kabla, na aliyemdunga ni mdogo wangu mwenyewe. Aliponisimulia mikono yake ilikuwa bado inatetemeka. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na waajiri wanaosema hii ni kazi ya wito na kwamba wenye wito hawahesabu saa. Anayeumia kwanza kwa uchovu wa muuguzi ni mgonjwa aliye mbele yake.

Ukishapata wastani wako, gawanya mshahara wa mwezi kwa saa za mwezi (saa za wiki mara 52, kisha gawanya kwa 12). Mwenye shilingi 600,000 kwa mwezi, akifanya saa 48 kwa wiki, hupata karibu shilingi 2,885 kwa saa. Akifanya 61, hupata kama 2,270. Kisha soma mkataba wako uone umeandika saa ngapi, na kama huna mkataba wa maandishi, anza kwa kuomba maelezo ya ajira yako kwa maandishi, kwa maana mwajiri anawajibika kukupa.

Usiende peke yako, na usianze kwa kutaja sheria. Sisi tulikwenda walimu wanne, kila mmoja na daftari lake, tukapeleka pendekezo moja tu: mwalimu aliyesimamia prepu ya usiku asipangiwe ya alfajiri inayofuata. Shule za binafsi zinategemea karo, na nyingi zilifunguliwa tena Januari 2022, baada ya kufungwa kwa karibu miaka miwili, zikiwa na walimu wachache kuliko awali. Ombi la kuajiri walimu watano zaidi lingekataliwa siku hiyohiyo. Letu lilikubaliwa baada ya wiki mbili, nami sasa nafanya kama saa 53. Bado ni nyingi, na la malipo ya ziada tunalidai muhula huu.

Kliniki ya mdogo wangu haikusikiliza. Alipeleka nakala ya daftari na ya ratiba ya zamu kwa afisa wa kazi wa wilaya, ambaye kazi yake ni kupokea malalamiko ya namna hiyo, na mwajiri akaitwa. Leo anaingia zamu nne kwa wiki, na daftari bado liko mfukoni mwa sare yake.