Meno ya Watoto: Nisubiri au Niende?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wazazi na walezi wa watoto wa chini ya miaka 14. Maswali ni tofauti, lakini wengi wanataka kujua jambo moja: nisubiri au niende hospitali? Nimechagua sita.

Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi 11 na meno manne. Mama mkwe anasema kwa daktari wa meno huenda mtu anayeumwa. Ni kweli? (Mama, Mbagala)

Marahaba. Mpeleke kabla hajatimiza mwaka. Ni ziara fupi. Unampakata, daktari anainua mdomo wa juu kwa kidole na kutazama pale jino linapokutana na fizi. Uozo wa watoto wadogo huanzia hapo, ukiwa doa jeupe lisilong'aa. Likiwa bado jeupe, mswaki na dawa ya meno yenye floridi vinaweza kulizuia. Likishakuwa kahawia na kutoboka, hapo ni kuziba. Utaulizwa pia mtoto analalaje, maana chupa ya maziwa ya sukari inayobaki mdomoni usiku kucha huharibu meno ya mbele haraka sana. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele mpaka afikishe miaka mitatu, kisha punje ya njegere.

Na nawaomba wote wa nyumbani: msimtishe mtoto kwa jina la daktari. Aliyekua akiambiwa "usipokula nitakupeleka ukachomwe sindano" hufika kwetu amefumba kinywa, na kazi ya dakika tano inageuka vita.

Gego la mwanangu wa miaka saba limetoboka. Si litang'oka lenyewe? Nilipie kuziba kwa nini? (Baba, Morogoro)

Kwanza tujue ni gego lipi, maana hapa wazazi wengi hupotea. Meno ya utoto ni 20. Mtoto akifika miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno hayo huota magego mapya manne, mawili juu na mawili chini. Kwa kuwa hakuna jino lililong'oka kuyapisha, nyumbani huhesabiwa kuwa ya utoto. Siyo. Hayo ndiyo atakayotafunia mpaka uzeeni, na likioza halina la kulifuata. Leo mweke mtoto kwenye mwanga, afungue kinywa, uhesabu kutoka katikati kwenda nyuma. La sita ni la kudumu. Kama ndilo lililotoboka, nenda wiki hii.

Na likiwa la nne au la tano, bado lizibwe. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12, na kazi yake si kutafuna tu. Yanalishikia nafasi jino linalokuja chini yake. Likitolewa mapema, la nyuma husogea mbele, na la kudumu likifika halina pa kutokea: linapinda, au linabaki ndani ya fupa. Meno mengine tunayokuja kuyapanga kwa waya, kwa gharama kubwa, yalibanana kwa sababu hiyo. Ikiwa limeoza kiasi cha kung'olewa, muulize daktari kabla ya ganzi kama mtoto atahitaji kifaa cha kushikilia nafasi.

Mjukuu wangu ana miezi saba, ana homa na anaharisha. Jirani amemtazama fizi, anasema ni meno ya plastiki, yatolewe kwa fundi. (Bibi, Dodoma)

Shikamoo bibi. Nakusihi, usimpeleke kwa fundi huyo.

Meno ya plastiki, wengine huyaita ya nailoni, hayapo. Uvimbe alioona jirani ni chonge za utoto zikijiandaa ndani ya fizi. Kwa kawaida chonge huchomoza baada ya mwaka na miezi kadhaa, kwa hiyo saa hizi bado ni laini na nyeupe. Fundi akilichimbua jino hilo na kulionyesha kiganjani, kweli linaonekana kitu cha ajabu, na familia inaamini. Kumbe ametoa jino changa la mtoto, tena kwa spoku ya baiskeli au wembe, bila ganzi. Wapo watoto waliokufa kwa kuvuja damu, kwa pepopunda na kwa maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Waliopona, baadhi yao chonge za ukubwani hutoka zimeharibika au hazitoki kabisa.

Kuharisha umri huu ni kwingi kwa sababu mtoto ameanza kula na kila anachookota anatia mdomoni. Aendelee kunyonya, apewe maji ya ORS, na leo hii afike kituo cha afya apewe zinki na homa ipimwe chanzo chake. Kama amelegea, macho yameingia ndani au hakojoi, msisubiri hata kupambazuke.

Meno mapya ya chini yameota nyuma ya yale ya zamani, amekuwa na mistari miwili! (Mama, Kigamboni)

Hutokea sana kwenye miaka sita na saba. Mwache ayatikise ya zamani kwa ulimi na vidole safi. Yakitoka, ulimi huyasukuma mapya mbele. Miezi miwili ikipita na la zamani halijalegea hata kidogo, njooni.

Binti yangu ana miaka tisa na mwanya. Mimi naupenda, mama yake anataka uzibwe, na ameona video ya kuvalisha mpira mdogo kwenye meno mawili ya mbele. (Baba, Tanga)

Huo mpira usikaribie kinywa cha mtoto. Mzizi wa jino umechongoka kama karoti, kwa hiyo mpira hauishii ulipowekwa. Unateleza kuelekea mzizini, unazama ndani ya fizi usionekane, na kukata nyuzi zinazolishikilia jino kwenye fupa. Mwanya utaziba kweli, kisha meno yote mawili yatalegea, na mara nyingine hayaokoleki.

Kuhusu mwanya wenyewe, katika miaka tisa ni wa kawaida. Chonge za juu zikishuka, kwenye miaka 11 au 12, huyabana ya mbele na mara nyingi mwanya hupungua au kuisha. Ukibaki, muulizeni mwenye kinywa. Mwanya si ugonjwa, na kwetu wengi huuhesabu kuwa uzuri.

Waya wa kupanga meno unafungwa umri gani, na unakaa muda gani? (Mama, Nairobi)

Uchunguzi ufanyike mapema, kwenye miaka saba, hasa kama akifunga kinywa meno ya juu yanaingia ndani ya yale ya chini, au bado ananyonya kidole. Waya wenyewe wengi hufungwa kati ya miaka 11 na 14, meno ya kudumu yakishatoka, na hukaa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, huku akirudi kukazwa kila wiki nne hadi nane.

Kabla ya kukubali, ulizia gharama yote kwa pamoja: picha za eksirei, waya, kukazwa, vyuma vikibanduka, na kifaa cha kuvaa baada ya waya kutolewa. Hicho cha mwisho ndicho wazazi hushtukia hawakukipangia bajeti, na bila hicho meno hurudi yalikotoka. Kitavaliwa miaka mingi, hasa usiku.

Kwa chakula, muwa hautafunwi, mahindi ya kuchoma yapukuchuliwe, kashata na ubuyu wa sukari viwekwe kando. Na kama mtoto bado anakumbushwa kupiga mswaki kila jioni, ahirisheni waya kwanza. Uchafu unaoganda kuzunguka vyuma huacha madoa meupe yasiyofutika, na meno yatakuwa yamenyooka lakini yameharibika.