Makala ya mhadhiri, pesa ya kiwanda

SWALI: Dada, shikamoo. Mimi ni afisa mawasiliano wa kiwanda cha vinywaji hapa Dar es Salaam, Barabara ya Nyerere. Tunataka ushuru wa bidhaa kwenye juisi usipandishwe katika bajeti ijayo. Bosi kaniagiza mambo matatu: niandike makala itoke gazetini kwa jina la mhadhiri wa chuo kikuu, tuunde "umoja wa wakulima wa matunda" wa kuzungumza na waandishi, na tuandae semina ya wabunge hotelini, posho juu yetu. Anasema huo ndio ushawishi na dunia nzima wanafanya. Nikitekeleza, nitakuwa nimevunja sheria?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kuomba ushuru usipande ni haki yenu kabisa. Wizara ya Fedha hupokea mapendekezo ya kodi kabla ya bajeti, na Shirikisho la Wenye Viwanda hupeleka ya wanachama wake kila mwaka. Hakuna wa kuwalaumu kwa hilo.

Ni kweli pia kwamba Tanzania haina sheria mahususi inayomtaka mshawishi ajisajili na kumtaja anayemlipa. Marekani wanayo ya mwaka 1995, Uingereza ya 2014. Nahisi bosi wako ameliona pengo hilo akadhani ni mlango ulioachwa wazi.

Semina iacheni. Mbunge ni kiongozi wa umma chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995. Ukimpa posho mtu ambaye karibuni atapigia kura ushuru wako, hata ukiiita nauli, unajiweka pabaya mbele ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, ambayo inambana mtoaji sawa na mpokeaji na inataja hata kosa la kuuza ushawishi. Kamati ya Bunge ikialika wadau kutoa maoni juu ya Muswada wa Fedha, nendeni Dodoma na takwimu zenu mkaseme mbele ya wote.

Makala ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu hapo TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, haitabisha hodi na kwa hiyo watu wa fani yetu ya uhusiano wa umma hujiambia hakuna kosa. Kumwandikia mtu siyo dhambi. Hotuba nyingi unazozisikia zimeandikwa na msaidizi. Lakini msomaji anamwamini mhadhiri kwa sababu moja tu: anadhani hana maslahi katika jambo lile. Ninyi mnanunua imani hiyo, na mwenye imani yake hajui kwamba imeuzwa. Nilipokuwa kijana niliandika makala ya namna hiyo kwa niaba ya mteja, ikatoka kwa jina la mwalimu mmoja mstaafu. Siku chache baadaye alialikwa redioni, mtangazaji akamuuliza zile hesabu alizipata wapi. Mzee alikaa kimya. Nilikuwa nasikiliza ndani ya daladala pale Magomeni, na aibu ile ninayo mpaka leo. Yeye ndiye aliyebeba fedheha. Mimi na mteja hatukutajwa.

Kuhusu huo umoja, mkumbushe bosi habari za Bell Pottinger, kampuni kubwa ya uhusiano wa umma ya London. Ilifanya kazi Afrika Kusini kwa ajili ya Oakbay, kampuni ya familia tajiri ya Gupta, na ikahusishwa na kampeni iliyochochea chuki za rangi, zikiwemo akaunti bandia mitandaoni. Septemba 2017 chama cha fani hiyo Uingereza kiliifukuza uanachama, wateja wakakimbia, na mwezi huohuo ikaanguka. Ukubwa wa kosa lao na lenu haulingani, lakini njia ni ileile: sauti ya tajiri imevishwa nguo za wananchi.

Halafu wakulima wenyewe wapo! Wa machungwa wako Muheza, wa mananasi wako Kiwangwa. Kwa nini mtunge wa uongo? Nendeni mkawaulize. Wakisema ushuru utawaumiza, walipieni nauli ya kwenda kuzungumza, na mtangaze kwamba mmelipa. Ila jiandaeni: huenda wakasema kinachowaumiza ni bei mnayowanunulia matunda. Nadhani bosi wako anaijua hatari hiyo, na ndiyo maana anataka umoja ambao hautampinga.

Kwa hiyo mwandikie bosi kwa barua pepe, siyo kwa mdomo, ili ushauri wako ubaki na tarehe. Pendekeza makala itoke kwa jina la mkurugenzi mwenyewe na cheo chake. Kama mhadhiri ana utafiti wake na yuko tayari kuandika kwa kalamu yake, chini ya makala iwepo sentensi hii: "Mwandishi amelipwa ada ya ushauri na kiwanda kinachotengeneza juisi," na jina la kiwanda lifuate. Mpelekee mhadhiri sentensi hiyo kabla hamjakubaliana malipo. Akikataa iwekwe, msiendelee naye.