Shangazi, Mume Wangu Hana Malengo

*Shangazi, nina miaka 34 na ninauza mitumba Kiboriloni, Moshi. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Ni mpole na hanywi pombe, lakini hana malengo. Kila Jumamosi hupanda Marangu kwa mama yake kuhudumia migomba, na akiba yake yote huishia huko kihambani, kwenye shamba la ukoo wao. Mimi nataka kufungua duka Arusha na mshirika wangu, mtu anayeijua biashara. Kiwanja nimeshanunua, na kwa usalama nimekiandikisha kwa jina la kaka yangu. Je, niendelee kuvumilia? — Aliyechoka*

Mwanangu, pole kwa uchovu, maana kufungua balo la mitumba alfajiri na kusimama juani hadi jioni si kazi ya mchezo. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeifupisha, lakini nimeisoma yote mara mbili. Mumeo karibu kila ulipomtaja umemtia kosa, ilhali mshirika wa Arusha umemtaja mara 6, zote kwa sifa. Sikutuhumu kwa jambo ambalo hukuliandika, nimehesabu tu. Katikati ya malalamiko umepitisha haraka maneno mawili: kwamba balo la kwanza lilitokana na mkopo alioukopa mumeo SACCOS, akakatwa mshahara miaka 3, na kwamba mtoto wenu wa kwanza alilelewa na mama mkwe mpaka alipoanza shule. Kwangu mimi, hiyo ndiyo barua yenyewe. Mwanamume huyo alikuwa na lengo, na lengo lake ndiyo hiyo biashara unayomsimangia.

Siku hizi ndoa imegeuzwa mchezo wa upatu: kila mmoja anahesabu alichotoa na kuulizia zamu yake, na asiyeweka fedha taslimu mezani huonekana hajatoa kitu. Wewe umeolewa mlimani Kilimanjaro, kwa Wachagga, hivyo unajua kwamba kihamba si bustani ya kujifurahisha, bali ni mahali walipozikwa wazee wa mumeo, na ndipo wanao watakapoulizwa kila Desemba kwao ni wapi. Nami nilimcheka marehemu mume wangu kwa migomba hiyo hiyo, hadi ulipofika mwaka ambao duka letu lilifungwa na tukala ndizi zake miezi mitano.

Sasa kiwanja. Usalama dhidi ya nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjika, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Wanawake tuliushangilia uamuzi huo. Kwako, kwa maelezo yako mwenyewe, anayepika na kufua sare za watoto ukiwa sokoni ni mumeo, wala sioni kwa nini mchango huo upungue uzito kwa kuwa umetolewa na mwenye suruali. Zaidi ya hayo, siku kaka yako akifumba macho, wifi yako hatakujua.

Mwombe kaka yako, wiki hii hii, mwanze taratibu za kuhamishia kiwanja hicho kwenye majina yenu wawili, wewe na mumeo. Duka la Arusha sikukatazi, kwani ni kilomita 80 hivi tu kutoka Moshi, ila kabla hujatoa hata shilingi, mumeo akae na huyo mshirika wakague hesabu pamoja. Mshirika akikataa kikao hicho, usiniandikie tena kuhusu duka.

Jumamosi panda Marangu na mumeo, ukiwa na jembe, na habari ya kiwanja mweleze mama mkwe kwa kinywa chako kabla hajaisikia kwa majirani. Akikasirika, jani la sale, lile ambalo Wachagga humpelekea mtu kumwomba radhi, halipo mbali. Limeota mpakani mwa kihamba hicho hicho.