Maswali ya Wasomaji: Fungu la Jiji Likipigiwa Kura

Barua tunazojibu hapa zinahusu bajeti shirikishi: jiji linatenga fungu la fedha, wakazi wanapendekeza miradi na kuipigia kura, halmashauri inaitekeleza.

SWALI: Jiji letu limetangaza bajeti shirikishi. Mkutanoni tuliandika maoni kwenye karatasi, tukaambiwa yatafanyiwa kazi. Nitajuaje kama uamuzi ni wetu kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, uliza kwanza fungu ni kiasi gani na limetengwa kwa azimio lipi la baraza la madiwani. Ikiwa hakuna kiasi kilichotajwa kabla ya mkutano wa kwanza, mnaombwa maoni tu. Kisha uliza ni nani anayeweza kubadilisha matokeo ya kura, na kwa sababu zipi zilizoandikwa. Saini ya mwisho kwa kawaida ni ya baraza, kwa hiyo nguvu ya kura yenu inatokana na kanuni zilizowekwa mapema. Sheria ya Poland ya mwaka 2018 ni mfano mzuri. Miji mikubwa inalazimika kutenga angalau asilimia 0.5 ya matumizi yake, na baraza haliruhusiwi kuufuta mradi uliochaguliwa na wakazi wala kuubadilisha kwa kiasi kikubwa. Na pale utaratibu huu ulipoanzia, Porto Alegre nchini Brazili mwaka 1989, kanuni zenyewe zilikuwa zikipitiwa upya pamoja na wawakilishi wa wakazi.

SWALI: Pendekezo letu la taa za barabarani lilirudishwa likiwa na neno moja: "haliwezekani". Tulikosea wapi?

JIBU: Huenda hamkukosea. Kurudisha pendekezo bila sababu ni kosa la ofisi, nanyi mna haki ya kudai sababu kwa maandishi na muda wa kurekebisha. Hata hivyo, mapendekezo mengi huanguka kwenye mambo yaleyale, na yote yanaweza kukaguliwa kabla ya kuwasilisha.

La kwanza ni umiliki. Barabara ikiwa chini ya serikali kuu, au kiwanja kikiwa cha mtu binafsi, fedha za jiji haziwezi kuwekwa hapo bila kibali. La pili ni aina ya fedha. Mafungu haya kwa kawaida ni ya maendeleo, yaani kujenga au kununua kitu cha kudumu, hayalipi mishahara. Ndiyo maana kituo cha vijana kinapita kama jengo, halafu kinakaa kimefungwa kwa kukosa msimamizi. Andikeni waziwazi ni idara gani italipa umeme na matengenezo, na mpate barua yake.

La tatu ni gharama, na hapa ndipo pabaya zaidi. Watu huandika bei ya nguzo na taa, wakasahau uchimbaji, nyaya, kuunganishiwa umeme, usanifu, usimamizi na kodi. Ombeni fundi wa jiji aandae mchanganuo mbele yenu, kisha ongezeni akiba ya dharura ya asilimia 10 hadi 15. Makadirio madogo huvutia kura, lakini mradi hukwama siku ya zabuni.

SWALI: Mtaa mmoja wenye watu wengi unachukua kila kitu kila mwaka. Sisi wachache tufanyeje?

JIBU: Tazameni namna kura zinavyohesabiwa. Miji mingi huipanga miradi kwa wingi wa kura, ikashuka na orodha mpaka fedha ziishe. Chukulia fungu la milioni 100 na wapiga kura 1,000. Upande wa mashariki una watu 600 na miradi kumi ya milioni 10 kila mmoja. Magharibi ni watu 400 wenye miradi kumi ya bei hiyohiyo. Kila mtu akichagua miradi yote ya upande wake, mashariki inapata yote kumi na magharibi haiambulii kitu, ingawa watu wanne kati ya kumi wanaishi huko.

Kuna mbinu ya hisa sawa, iliyotumika Wieliczka nchini Poland na Aarau nchini Uswisi mwaka 2023. Kila mpiga kura anahesabiwa kuwa na hisa yake ya fungu, hapa ni 100,000, na mradi hupita pale tu waliouchagua wanapoweza kuulipia kwa hisa zao. Mashariki ina milioni 60, inapata miradi sita. Magharibi ina milioni 40, inapata minne. Mpiga kura haandiki chochote kigumu, anaweka alama tu. Hesabu inafanywa na kompyuta. Ila kwenye kura halisi fedha kidogo zinaweza kubaki, hivyo kanuni iseme mapema zitagawiwaje.

Kama jiji halitaki kubadilisha mbinu, ombeni fungu ligawanywe kwa maeneo, na pawe na kikomo cha gharama kwa mradi mmoja. Bila kikomo, mradi wa milioni 50 wenye kura 510 unaitangulia miradi mitano ya milioni 10 yenye kura 500 kila mmoja.

SWALI: Je, asiye na kadi ya mpiga kura anaruhusiwa?

JIBU: Kanuni za jiji ndizo zinazoamua. Kata ya 49 ya Chicago, iliyoanza mwaka 2009 kwa fungu la takriban dola milioni 1.3, iliwaruhusu wakazi kuanzia miaka 16, wakiwemo wasio raia. Sisi tunaona mkazi yeyote anayetumia barabara hiyo apige kura, mradi athibitishe anwani.

SWALI: Mradi wetu ulishinda mwaka juzi. Hakuna hata jiwe lililosogezwa.

JIBU: Ulizeni namba ya kasma ya mradi, yaani mstari wake wa fedha, kwenye kitabu cha bajeti. Isipokuwepo, ushindi wenu haukuingizwa kwenye mpango. Ikiwepo, dai tarehe ya zabuni na nakala ya mkataba. Angalieni pia mwisho wa mwaka wa fedha: mahali pengi fedha zisizotumika hurudi kwenye mfuko mkuu, kwa hiyo ombi la kuzivusha liwasilishwe mapema, angalau miezi mitatu kabla. Bei zikiwa zimepanda, kubalini kupunguza ukubwa wa mradi kwa mkutano wenye muhtasari uliosainiwa. Msikubali ubadilishwe ofisini.