Hereni za waya kutoka sawa na zisiwashe

Pole mdau. Kwa hiyo hereni za waya unazojitengenezea moja inatoka kubwa nyingine ndogo, na masikio yanawasha? Kuwasha mara nyingi ni nikeli iliyochanganywa kwenye vyuma vya bei chee, kwa hiyo ile ndoano inayoingia sikioni fanya ya silva halisi, waya wa shaba tumia kwa kujifunzia maana ni laini unakunjika bila ubishi. Unene milimita 0.8 unatosha.

Sasa ukubwa, usimalize moja ndo uanze ya pili, hapo hutapatia. Kata vipande viwili sawa, sentimita 5 hivi, anza na kitanzi cha kuning'inizia shanga kwa koleo ya ncha za duara (weka alama ya maka kwenye ncha ya koleo ili vyote vikunjwe palepale), halafu vishike pamoja uvizungushe kwenye kalamu nene kwa mpigo mmoja, zitatoka mapacha. Ncha sugua na msasa laini mpaka ukiipitisha juu ya kucha haikwaruzi, wengi wanaruka hii alafu wanalaumu waya. Na ukikata funika kwa kidole bana, kale kakipande kanarukaga machoni.