Moyo uko kulia, njia ya kinenani imekatika: lazima apasuliwe?

Swali: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka sita, anachoka haraka. Kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kimeonyesha moyo umekaa kulia, una tundu kati ya vyumba vya juu, na mshipa mkubwa unaopandisha damu kutoka chini umekatika njiani. Tumepewa rufaa ya Dar es Salaam. Shemeji anasema wenzake huzibwa tundu kwa mrija wa kinenani, ila wetu ni kisu tu. Kweli? – Mama mtoto, Ujiji.

Jibu: Marahaba, mama. Shemeji kapatia nusu. Kwa kawaida mrija hupanda kutokea kinenani, ukavuka tundu na kufungua kifaa chenye visahani viwili vya waya, kimoja kila upande wa ukuta. Kwa binti yako, damu ya miguuni hupitia mshipa mwingine mgongoni na kuingia moyoni kwa juu. Mrija ukiifuata hufika, lakini umejikunja kama ndoana, na kifaa hugoma kulala sawa na ukuta. Ndiyo maana wataalamu huingilia shingoni, au pengine hupitia ini. Wengine hugeuza hata picha ya eksirei kwenye skrini, kulia kuwe kushoto, mikono isichanganyikiwe. Na kifaa hakiachiwi mpaka eko ithibitishe kimekaa. Kikikaa vibaya, huvutwa kikarudi mrijani.

Mimi moyo kuwa kulia haunitishi sana. Nauliza tundu liko wapi. Likiwa katikati ya ukuta na lina kingo za kushikilia kifaa, mrija unawezekana. Likiwa chini kabisa karibu na vali, mwache apasuliwe, tena bila kinyongo.

Hili hukuuliza, ila nalisema: mshipa huo ukikatika hivyo, mara nyingi na viungo vya tumbo vimejipanga tofauti. Hapo hospitali ya Maweni, Kigoma, omba ultrasaundi ya tumbo, waangalie wengu, na kipimo cha umeme wa moyo, maana mapigo ya watoto hawa huweza kuwa ya polepole mno. Akitapika nyongo ya kijani, mkimbize hospitali usiku huohuo. Utumbo unaweza kuwa umejisokota.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, hufanya yote mawili, mrija na upasuaji. Beba picha zenyewe za eko, siyo karatasi ya majibu peke yake. Gharama zikikulemea, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujakata tiketi ya treni.