Miaka mitano, uvimbe adimu, na simu kutoka rejista

Maswali ya safari hii ni ya saratani tupu. Nawakumbusha kwamba mimi sitibu. Kazi yangu ni rejista: nani kaugua nini, anakaa wapi, ameishi muda gani. Mwenye maumivu aende hospitali, asisubiri gazeti.

Shikamoo. Nasoma uuguzi. Mgonjwa alisikia daktari akisema "kuishi miaka mitano ni asilimia 60", akaniuliza kama amebakiza miaka mitano tu. Nimjibuje? (Rehema, Chumbageni)

Marahaba, mwanangu. Mwambie hakuna aliyemkatia tiketi. Maana yake ni kwamba kati ya watu 100 waliogundulika na saratani kama yake, 60 walikuwa hai miaka mitano baadaye. Wengine wapo hadi leo wanabishana bei ya samaki pale Deep Sea. Miaka mitano ni kituo cha kuhesabia, wala si mwisho wa safari. Tena hao ni wagonjwa wa zamani, waliotibiwa kwa dawa za wakati wao.

Kuna na hili. Mzee wa miaka 75 mwenye saratani ya tezi dume akifa kwa presha, tumwandike wapi? Cheti cha kifo mara nyingi hakisaidii. Kwa hiyo tunalinganisha. Tuseme kati ya wazee 100 wa rika lake, 80 hufikisha miaka mitano mingine, na kati ya wagonjwa 100 hufikisha 40. Nusu ya 80 ni 40, basi tunasema asilimia 50. Hapo uzee umeondolewa kwenye hesabu, imebaki saratani.

Kaka, nimeambiwa uvimbe wangu ni wa aina adimu. Adimu maana yake hauna dawa? (Fundi, Pongwe)

Adimu ni neno la hesabu, fundi. Halisemi lolote kuhusu dawa. Watafiti wa Ulaya, Gemma Gatta wa Milan akiwaongoza, walichora mstari mwaka 2011: saratani ni adimu ikipata wagonjwa wapya chini ya 6 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Jiji la Tanga lina watu wanaokaribia 400,000, kwa hiyo wa aina moja hawafiki 24 kwa mwaka. Hawajazi Kosta. Lakini aina zenyewe ni karibu 200, na ukizijumlisha, kule Ulaya zinachukua zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kila watano.

Kwa hesabu ile ya kulinganisha, wenye saratani adimu waliofikisha miaka mitano walikuwa 47 kati ya 100; wa saratani za kawaida, 65. Sehemu ya pengo hilo ni kuzungushwa: daktari wa kwanza hajawahi kuuona uvimbe huo, anayesoma kinyama, yaani kipande cha uvimbe kilichokatwa kupimwa, naye hajauona, miezi inakwenda. Na majaribio ya dawa mpya hukosa wagonjwa wa kutosha. Kwa hiyo muulize daktari wako, bila kuona haya: nani amewahi kutibu wengi wa aina hii, na yuko wapi?

Halafu uulize, adimu wapi? Sarkoma ya Kaposi ni adimu Ulaya, huku kwetu wanaume wengi wameiugua. Na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa akipokea watoto waliovimba taya kwa saratani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakatembea karibu kilomita 16,000, Uganda hadi Afrika Kusini, Tanganyika ikiwa njiani. Kila hospitali walitoa picha na kuuliza: mmewahi kuona mtoto kama huyu? Ramani ikajichora yenyewe. Uvimbe ulikaa kwenye joto na mvua, palepale penye malaria, ukapotea kwenye miinuko ya baridi. Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake kule London wakaona virusi ndani ya seli walizozikuza kutoka vinyama vilivyotumwa kutoka Kampala. Picha, swali moja na matairi! Naipenda safari hiyo kuliko mashine zote za siku hizi.

Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku mbili, lakini pia husikia dawa upesi. Mtoto akivimba taya, msikae wiki tatu mkisema ni jino au matubwitubwi.

Nimempiga picha mwanangu wa mwaka mmoja kwa simu, jicho moja likatoka jeupe kama la paka. Bibi yake anasema ni kijicho cha watu. (Mama Nasra, Makorora)

Dada, bibi msalimie sana, lakini kesho asubuhi uwe kliniki ya macho. Inaweza kuwa mwanga wa kamera tu. Inaweza kuwa mtoto wa jicho. Inaweza pia kuwa retinoblastoma, saratani inayompata mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Katika nchi tajiri, wanaopona ni zaidi ya 95 kati ya 100, kwa sababu inawahiwa. Ikicheleweshwa hutoka kwenye jicho ikaelekea ubongoni. Picha usiifute, mwonyeshe daktari.

Ni kweli kukata kinyama kunachokoza saratani? (Hakutaja jina)

Hapana. Mtu huenda kukatwa akiwa amechelewa, akifariki lawama inaangukia kisu. Upo uvimbe usiochomwa sindano ovyo, kama huo wa jicho la mtoto na wa korodani, na madaktari wanaujua.

Nchi zinazopima sana watu wake zina takwimu nzuri za kuishi. Si kwa sababu wanaanza kuhesabu mapema tu? (Mwalimu, Muheza)

Umenikamata, mwalimu. Wewe upande basi Tanga mjini, mwenzako apandie Segera. Mtafika Chalinze saa ileile, ila wewe utasema umesafiri muda mrefu zaidi. Kupimwa mapema kunaweza kuwa hivyo: siku ya kufa ni ileile, miaka ya kuhesabu ndiyo imeongezeka. Ndiyo maana takwimu za kuishi nazisoma pamoja na za vifo. Ila kipimo cha shingo ya kizazi ni habari nyingine: kinakamata mabadiliko kabla hayajawa saratani, basi lenyewe linazuiwa stendi.

Mama alifariki mwaka jana kwa saratani. Mwezi uliopita kapiga mtu wa rejista anauliza kama mama yupo. Nikamkatia. Wanataka nini kwa marehemu? (Salim, Barabara ya 12)

Pole sana, Salim. Mungu amrehemu. Nisamehe pia, maana mpigaji angeweza kuwa mimi.

Nikufungulie faili moja, majina nimeyabadilisha. Juu ya jalada: Mwanaidi. Kwenye majibu ya kinyama: Mwana Iddi. Kwenye daftari la mionzi: Bi Idi. Umri: mtu mzima. Anwani: nyuma ya msikiti, Ngamiani. Simu ni ya mpwa wake, haipatikani. Alikuja kliniki mara tatu, ya nne hakuja, na mbele ya tarehe ile pako tupu. Amefariki? Amekosa nauli ya Dar? Yuko Pangani kwa binti yake, mzima? Nikimtupa nje ya hesabu nitakuwa nadanganya, kwa sababu wanaopotea mara nyingi ndio waliozidiwa. Asilimia itapendeza, na anayepanga bajeti ya mionzi ataamini tunaendelea vizuri. Utafiti mkubwa wa CONCORD uliotoka mwaka 2018 ulihesabu wagonjwa milioni 37.5 kutoka nchi 71, na Afrika ilichangia kiduchu. Wagonjwa tunao. Tarehe ndizo hatuna.

Hata hivyo, aliyekupigia alikosea. Mtu hauliziwi mama yake kama anauliziwa mzigo stendi. Ajitambulishe, atoe pole, aseme anachotaka. Akigusia hela au namba ya siri, mkatie tena.

Vinginevyo, mpe tarehe aliyofariki mama tu. Kama huikumbuki, mwambie hata "siku tatu baada ya Idi". Kalenda za zamani tumezitunza.